Dar hadi Guangzhou: kwenda kwa Addis, kurudi kwa Dubai

Jumanne

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere mpaka uwanja wa Baiyun, Guangzhou, ukivuta mstari mmoja juu ya mgongo wa dunia unapata kama kilomita 8,710. Sisi mstari huo hatukuupita. Air Tanzania wana ndege ya moja kwa moja, ila siku zake hazikuoana na zetu, na wakala wa tiketi pale Kariakoo akatupangia kwenda kwa Addis Ababa na kurudi kwa Dubai.

Shangazi anauza mikoba ya kina mama Mtaa wa Kongo, na China alianza kwenda mimi nikiwa bado shule. Safari hii alinichukua nibebe, nipige hesabu na nishike simu ya kutafsiri. Kuhusu ndege yeye huuliza mambo mawili tu: wanatoa kilo ngapi, na sala zitamkutia wapi. Jibu la kilo liko kwenye tiketi. La sala ilibidi nilitafute mwenyewe, na ndiyo maana nayaandika haya kwa saa na kilomita.

Tulitoka Magomeni saa saba mchana kuwahi ndege ya saa kumi na moja na robo. Shangazi haiamini Barabara ya Nyerere, flyover ya Mfugale iwepo isiwepo. Siku hiyo barabara ilikuwa nyeupe, tukafika Terminal 3 mapema mno. Kadi ya homa ya manjano ikatazamwa, mabegi yakapimwa, tukabaki na muda mwingi wa kukaa.

Basi nikageuza kadi ya kupandia ndege nikaanza kuandika. Dar na Addis ziko karibu kwenye longitudo moja, kwa hiyo umbali wake haudai kompyuta. Uwanja wa Dar uko digrii 6 na dakika 53 kusini ya Ikweta. Uwanja wa Bole uko digrii 8 na dakika 59 kaskazini. Jumlisha: digrii 15 na dakika 52, yaani dakika 952. Kila dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, na maili ya baharini ni kilomita 1.852. Zidisha, unapata kilomita 1,763. Nilipofika kitini nikalinganisha na skrini ya mbele yangu, tukapishana kilomita chache tu.

Sasa tazama kitu ambacho tiketi haikuambii. Kutoka Dar mpaka Guangzhou ni kilomita 8,710; kutoka Addis mpaka Guangzhou ni 8,040. Tunaruka kilomita 1,760 halafu tunakuwa tumeisogelea China kwa 670 tu. Kipande cha kwanza ni cha kupanda kaskazini, China bado iko kuliani kwetu ikisubiri.

Lakini kaskazini hiyo ilimfaa shangazi. Makka nayo iko karibu kwenye longitudo hiyo hiyo, 39 na kitu, kwa hiyo kibla ya Dar ni kaskazini, ukikosea kidogo tu. Ndege ya Addis inakwenda kaskazini. Aliyekaa kitini akitazama mbele ameshaelekea kibla bila kujigeuza. Nilimwambia hivyo wakati Unguja inapita upande wetu wa dirisha, Pemba ikifuata. Akaniangalia kwanza kuona kama namtania.

“Una hakika, baba?”

“Shangazi, hata rubani ukimuuliza atakwambia.”

“Rubani simjui. Nakuuliza wewe.”

Jua lilizama tukiwa tunaivuka Ikweta, mahali fulani juu ya Garissa, kama dakika ishirini na zaidi baada ya wenzetu wa Dar kwisha kuadhiniwa. Ukiwa kilomita kumi na moja juu unaliona jua kwa muda zaidi kuliko aliye chini. Shangazi hakuwa na haraka. Alingoja mpaka wekundu ukatika dirishani, akasali Magharibi kitini na Isha akaiunganisha hapo hapo, rakaa mbili za msafiri.

Addis tuliteremka saa mbili na dakika tano usiku. Saa yao na yetu ni moja, na zaidi ya hapo wanahesabu kama sisi: saa mbili usiku kwao ni saa mbili usiku. Shangazi alimuuliza mfanyakazi mmoja saa ya ndege kwa vidole na ishara, wakaelewana vizuri kuliko mimi niliyekuwa nasoma 23:40 kwenye ubao. Uwanja wenyewe uko mita 2,330 hivi juu ya usawa wa bahari. Ngazi za kawaida zilimfanya shangazi asimame katikati na kujishika kiuno.

Jumatano

Saa tano na dakika arobaini usiku ndege ilianza kurudi nyuma. Saa inayoandikwa kwenye tiketi inaanza kuhesabiwa hapo, ndege inapoachia mlango, na inakwisha inaposimama mlangoni kule iendako. Kuzunguka uwanjani na kupanga foleni ya kuruka vimo humo humo. Tiketi ilisema saa tisa na dakika arobaini. Hewani kwenyewe tulikaa saa tisa na dakika ishirini hivi.

Kule juu mlimani hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya kilomita elfu nane hainyanyuki upesi. Nilihesabu sekunde za mbio za barabarani, zikapita za Dar kwa mbali. Taa za pembeni ziliendelea kupita, zikapita, mpaka abiria wa kiti cha tatu akaacha kutafuna.

Kisha ramani ya kwenye skrini. Ramani ya ukutani ukiweka rula toka Addis mpaka Guangzhou, rula inapita Goa. Njia ya ndege kwenye skrini haikwenda Goa. Ilijipinda juu: Ghuba ya Aden, Bahari ya Arabu, Mumbai, kisha Kolkata, Myanmar, ndipo kusini mwa China. Shangazi aliutazama ule upinde akasema wanazunguka ili wamalize mafuta. Nikamwambia huo ndio ufupi wenyewe, kwa kama kilomita 50 kuliko ule wa rula. Hakuamini, na usiku ule sikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Tulikwenda kwa kilomita 900 kwa saa na ushei. Kuanzia India upepo ulitushika mgongoni, namba ikapanda mpaka 960. Upepo huo wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na anayekwenda China humbeba bure. Anayerudi nitamfikia.

Swali la Alfajiri nilikuwa nimelifanyia kazi Addis, kwenye kahawa. Ukibaki Dar, jua linakusogelea kwa digrii 15 kila saa. Sisi tulikuwa tunalikimbilia kwa digrii saba na nusu nyingine kila saa. Kwa hiyo usiku wetu unaliwa ncha zote mbili: jua linakuja, nasi tunakwenda. Mwezi wa Aprili Dar inaadhiniwa Alfajiri kwenye saa kumi na moja na kidogo. Mimi nikamwambia shangazi ajitayarishe saa tisa kasoro, saa ya Dar, na asichelewe, maana mapambazuko nayo yatapita mbio. Chini, toka mwanga wa kwanza mpaka jua kuchomoza unapata zaidi ya saa nzima. Kule juu nilikisia dakika hamsini.

Saa tisa kasoro dakika tano alinigonga bega. Nje kulikuwa na uzi mmoja wa kijivu, mwembamba, ukingoni mwa bawa. Kibla sasa ilikuwa imebaki nyuma yetu, upande wa kushoto. Alikwenda kule nyuma penye jiko la wahudumu, akaongea na dada mmoja aliyemwelewa bila lugha, akasimama akasali rakaa zake mbili. Alikuwa amekwisha rudi, amejifunga mkanda na kulala tena, jua lilipotoka saa kumi kasoro dakika kumi, pwani ya Mumbai ikitukaribia. Dar watu walikuwa bado wamelala usingizi mzito.

Baiyun tuliguswa na ardhi saa nane na dakika kumi mchana, saa yao, na dakika kumi baadaye tukawa mlangoni. Ukitoa tofauti ya saa tano, Dar ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Uwanja huu wa sasa ulifunguliwa mwaka 2004, kaskazini ya mji, kama kilomita 28 kutoka katikati. Mwaka 2020, wakati wa korona, ndio uliopitisha abiria wengi kuliko uwanja wowote duniani. Ukubwa huo unausikia miguuni kwanza.

Alama za vidole, muhuri, mabegi. Tukaingia treni ya chini, laini ya 3 mpaka Jiahewanggang, laini ya 2 mpaka stesheni kuu, kisha laini ya 5 kituo kimoja tu, Xiaobei. Saa kumi na moja na nusu jioni shangazi alitupa mkoba kitandani. Kutoka mlango wa Magomeni mpaka mlango wa hoteli: karibu saa ishirini na nne. Hewani ilikuwa kama nusu yake. Nusu ya pili ni foleni, viti vya kungojea, mihuri na korido.

Alhamisi

Sanyuanli, kwenye masoko ya mikoba ya ngozi, toka asubuhi. Sina mengi: mikoba, zipu, mikoba. Nyumbani duka linafunguliwa saa mbili asubuhi, ambayo huku ni saa saba mchana, kwa hiyo nusu ya kwanza ya siku hakuna anayetusumbua. Ikifika saa tano usiku, macho yamefumba, WeChat inalia: kijana wa dukani anafunga hesabu, kwake ni saa kumi na mbili jioni. Shangazi aliamka saa tisa usiku akadhani amechelewa kitu. Kwenda mashariki ndiko kunakosumbua zaidi, maana mwili unatakiwa ulale kabla haujachoka.

Ijumaa

Nilisali Ijumaa msikiti wa Xianxian, penye kaburi linalosimuliwa kuwa la Saad bin Abi Waqqas. Si mbali na Xiaobei, na Ijumaa unakuta Wachina, Waarabu, Wasomali, watu wa Afrika Magharibi, na Kiswahili hakikosekani kwenye viatu. Shangazi alisali chumbani, na niliporudi nikamkuta na simu yangu ya pili mkononi, uso umekunjamana.

“Hii kibla yenu ya kwenye simu imeharibika. Inanielekeza magharibi, sawa. Lakini inapanda kaskazini. Makka iko chini yetu au juu yetu?”

Swali zuri mno. Makka iko latitudo ya 21 na kitu. Guangzhou ni 23 na kitu. Kwenye ramani ya ukutani Makka iko magharibi na chini kidogo. Simu ilikuwa inaonyesha magharibi na juu, kama digrii 14 au 15 kuelekea kaskazini. Na simu ilikuwa sahihi.

Jioni tulikuwa na shughuli Mtaa wa Yide, kwa wauza midoli na vifaa vya shule. Palikuwa na globu za plastiki za kila ukubwa. Nikaomba moja, nikaomba na uzi, muuzaji akakata wa kufungia katoni. Nikashika ncha moja Guangzhou kwa kidole gumba, ncha nyingine Makka, nikauvuta mpaka ukakaza. Uzi ukikaza hauna hiari: unatafuta njia fupi wenyewe. Uliondoka Guangzhou ukipanda kaskazini kidogo, ukapita juu ya India, ukateremka Uarabuni kutokea juu. Shangazi akainama. Akaulegeza, akaukaza mwenyewe, akajaribu kuusukuma chini kwa ukucha ukae kwenye latitudo. Ukarefuka, ukalegea, ukamtoka.

Hapo ndipo nikauhamishia Addis. Guangzhou, Kolkata, Mumbai, Ghuba ya Aden, Addis. Upinde ule ule wa kwenye skrini.

“Kumbe hawakuwa wanamaliza mafuta,” akasema.

Mwisho nikauweka Dar. Mstari wa moja kwa moja, ule tusioupita, unavuka Bahari ya Hindi mpaka Calicut, pwani ya Malabar, unakata kusini mwa India kutokea Chennai, unavuka Ghuba ya Bengal na kupita karibu na Hanoi. Kwa Addis ni kilomita 9,800 jumla. Nikaupitisha uzi Dubai: 3,980 mpaka Dubai, 5,830 kutoka Dubai mpaka Guangzhou. Jumla 9,800 na kidogo. Njia mbili zilizo mbali hivyo kwenye ramani zinalingana kwa kilomita chache. Nilikuwa nimelipata hilo kwenye hesabu tangu Dar, lakini kuliona kwa uzi mmoja, fundo likiangukia mahali pale pale, ni kitu kingine.

Shangazi aliuliza bei ya globu. Kisha akauliza bei ya katoni. Mikoba ya shule anauza Januari, akasema, na mzazi anayenunua mkoba hatakosa ya globu.

Jumamosi

Mizigo. Ya meli inapimwa kwa CBM, yaani mita za ujazo, na inakuja na maji, mwezi na zaidi. Ya ndege kwa kilo. Katoni ya globu ilipigiwa kelele: imejaa hewa, inakula nafasi. Akaiongeza kwenye meli hivyo hivyo.

Usiku wa kuamkia Jumatatu

Tiketi ya kurudi imeandikwa Jumatatu, 00:15. Yeyote anayesafiri Guangzhou aisome mara mbili hiyo. Ni Jumapili usiku unatakiwa uwe uwanjani. Hotelini kwetu kulikuwa na mama mmoja wa Lubumbashi aliyekwenda Jumatatu iliyotangulia, jioni, na mabegi yake yote, ndege ikiwa imeondoka karibu siku nzima kabla. Sisi tulitoka hotelini Jumapili saa mbili na nusu usiku, kwa teksi, maana kwa kilo zile treni ya chini haiwezekani.

Umbali wa mpaka Dubai ni 5,830, pungufu ya ule wa Addis kwa zaidi ya kilomita 2,200. Ukiutazama ungesema saa sita na nusu. Tulikaa hewani karibu saa nane. Uzi wa globu kati ya Guangzhou na Dubai unapanda mpaka latitudo ya 27, miguuni mwa Himalaya upande wa Nepal, na huko ndiko upepo wa magharibi unakopenda kupita. Safari hii ulitupiga usoni. Namba kwenye skrini ilining'inia 750, ikashuka, ikarudi. Injini zilikuwa zinakwenda vile vile na hewa inapita bawani kwa kasi ile ile. Ni ardhi tu iliyokuwa inapita polepole chini yetu. Ndiyo maana ratiba za kwenda na za kurudi hazilingani hata njia ikiwa moja.

Skrini ya ndege hii ilikuwa na ukurasa wa kibla, kishale kinachozunguka kadiri ndege inavyopinda. Shangazi alikitazama kwa muda mrefu kuliko filamu yoyote. Kila kilipogeuka kidogo alitaka nimwambie tuko juu ya wapi.

Na usiku haukwisha. Tulikuwa tunalikimbia jua, nalo likawa linatufuata kwa digrii nane au tisa tu kila saa badala ya kumi na tano. Toka jua lizame Guangzhou mpaka lichomoze Dubai zilipita kama saa kumi na tano za giza. Usiku wa kwenda ulikuwa kama saa tisa na kidogo. Sisi wa pwani tumezoea usiku wa saa kumi na mbili, mwaka mzima karibu bila kubadilika. Ndani ya wiki moja tukawa tumelala mmoja mfupi na mmoja usioisha.

Jumatatu

Dubai saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Kwa mara ya kwanza tukiwa njiani Alfajiri ilitukuta chini, kwenye chumba cha sala chenye zulia, na shangazi akasema hiyo peke yake ni hoja ya kurudi na njia hii.

Dubai mpaka Dar ni kilomita 3,980, saa tano na nusu za tiketi. Chini ni Oman, kisha bahari, kisha pembe ya Somalia, halafu pwani yote mpaka nyumbani. Majahazi yalishuka njia hii na kaskazi kwa wiki kadhaa, yakangoja kusi iwarudishe. Mwishoni mwa Aprili kusi imeshaanza, nahodha wa zamani angekuwa anapakia kuondoka Unguja, si kuja. Sisi tulipakia wali na samaki, tukalala.

Tulitua saa nane na nusu mchana. Mabegi yalichukua muda, forodha ikachukua wake, barabara haikuwa nyeupe tena. Tukakata Kawawa, na saa kumi na moja kasoro robo tukawa Magomeni. Kutoka mlango wa hoteli mpaka mlango wa nyumba: saa ishirini na tano na robo. Ya kwenda ilikuwa ishirini na tatu na nusu. Kilomita zile zile 9,800.

Kama ningeambiwa nichague, kwenda ningekwenda kwa Addis: mapumziko ni mafupi, upepo uko mgongoni, na kipande kirefu unakimaliza kwa mkupuo mmoja usiku. Kurudi, kwa mwenye kilo nyingi na magoti ya shangazi, Dubai inavunja safari mahali pazuri zaidi. Lakini zote mbili zinazidi ule mstari wa Calicut na Hanoi kwa kilomita 1,090, na kwa ndege inayokwenda 850 kwa saa, mstari ule ni kama saa kumi na robo hewani, bila kubadilisha ndege.

Nilimweleza shangazi hayo jioni ile, amekaa mkekani anapanga sampuli za mikoba kwa rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo safari ijayo twende na hiyo ya moja kwa moja.”

“Siku zikioana, shangazi.”

“Na Alfajiri itanikuta wapi?”

“Ikiondoka usiku kama saa nne, itakukuta juu ya bahari, kabla hujafika India.”

Akaweka mkoba mwekundu juu ya mweusi, akautoa tena.

“Kilo je, wanatoa ngapi?”